Bendi za Alhamisi

Fort Ternan
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Dada Amondi,

Robert wa pikapu ameshusha kabichi zake sokoni, ameniletea gunia lako la bendi za nywele, na sasa amekaa hapo mlangoni anakunywa chai. Naandika mbio kabla hajamaliza kikombe. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu. Tangu Mama azikwe mwezi wa sita tumepigiana simu mara tatu, na mara zote tatu tumemaliza kwa kukatiana. Karatasi haikatiki. Ukikasirika utaisoma hivyo hivyo mpaka mwisho, halafu Alhamisi ijayo utanijibu kama umepoa.

Mtoto ana wiki tatu leo. Tumemwita Wilkister, jina la Mama, na amelichukua pamoja na tabia: halali mpaka kila mtu nyumbani amelala. Oketch babake anatoka asubuhi kwenda kwa miwa na macho mekundu, watu wanadhani ameanza kulewa.

Bendi zako zinapendwa. Wasichana wa akademia wanataka kubwa zenye kuvimba, mama zao wanataka ndogo zisizoonekana, kwa hivyo tuma zote mbili waende wakagombane kwao. Vile vibanio vya maua vimekwisha siku moja.

Sasa neno langu. Shangazi Risper amesema nguo za Mama zitagawiwa Jumamosi ya tarehe 14 Desemba, nyumbani kule ziwani, sote tukiwepo. Desturi naijua, hakuna kugusa kitu kabla yeye hajafungua mzigo. Lakini nguo ziko kwako, kwenye chumba alichofia, na wewe ndiwe mkubwa. Nataka uniwekee gauni moja tu, lile la zambarau lenye ndege weupe, la kanisani. Siku ya kugawa useme ni langu, hakuna atakayekupinga. Sikumwona vizuri akiugua, sikumwona akifa, na siku ya mazishi nilikuwa chali kitandani kwa amri ya daktari, miguu juu ya mito miwili, nikimwomba Mungu mimba isitoke. Wengine wagawane sufuria na blanketi. Mimi nataka hilo gauni, nimfunge nalo huyu mtoto mgongoni.

Robert amesimama. Nisalimie Chelimo.

Mdogo wako,
Dorcus


Mogogosiek
Jumatano, 11 Septemba 2024

Dorcus,

Nimesoma mpaka mwisho, kama ulivyoniamuru. Nimefurahi kwa ajili ya huyo Wilkister. Mwambie jina alilopewa ni la mtu aliyeamka saa kumi na moja miaka thelathini, asije akadhani ni la kulalia.

Mimi nipo. Bega la kulia halishuki vizuri, lile la kubebea kikapu. Nilidhani mashine za kuchuma majani zilipotuondoa shambani bega nalo lingepumzika, kumbe lilikuwa linangoja cherehani. Chelimo jirani yangu bado ananiachia cherehani yake kuanzia saa nane, akishamaliza kukamua. Nakata vipande asubuhi, nashona mchana, na nageuza ndani nje kwa spoki ya baiskeli mpaka vidole vikatae. Mafundi wa hapa sokoni wananiwekea mabaki ya vitambaa. Mwezi huu ni mabaki ya sare tu, kijani na damu ya mzee, kwa hivyo usiniulize rangi ya waridi.

Nikuambie jinsi ya kupanga, maana Robert amesema umezitupa zote kwenye karai moja kama sukuma wiki. Mama alikaa miaka mingi kwenye chumba cha kuchekecha majani kiwandani, na hata alipokuwa hawezi kuinuka alikuwa akinipangia bendi kwa mtindo huo huo. Namba moja ni zile zilizovimba sawasawa, mshono haushikiki kwa kidole. Namba mbili mshono unaonekana. Zile ndogo za watoto alikuwa akiziita vumbi, na alikuwa akisema vumbi ndilo lenye chai kali. Kila kumi na mbili naziingiza kwenye kipande cha boksi la sabuni. Ukiuza, uza boksi zima kabla hujafungua jingine, usichanganye.

Mambo ya nguo tuyaache mpaka Desemba ifike. Mvua inanyesha kila siku saa tisa na chumba kile sijakifungua vizuri.

Dadako,
Amondi


Fort Ternan
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Dada,

Umeandika ukurasa mzima kuhusu vumbi na mistari miwili kuhusu Mama. Nimeona.

Sikulaumu. Najua umechoka, hata mwandiko wako umelala. Lakini nami nimechoka, na uchovu wangu hauna hata mtu wa kuusifu. Mtoto analia kuanzia jioni, maziwa yanakuja upande mmoja, mama mkwe amekuja kunisaidia na sasa napikia watu wawili zaidi, maana hakuja peke yake.

Nimefikiri njia rahisi. Usingoje Desemba. Lifunge hilo gauni kwenye gazeti, uliweke chini kabisa ya gunia la bendi, Robert atalileta bila kujua. Shangazi akifungua mzigo akute moja limepungua, nani atakumbuka? Magauni ya Mama yalikuwa sita au saba. Sitalivaa mbele za watu. Nataka tu kulinusa, Amondi. Sasa nimelisema, cheka.

Bendi za sare zimeenda polepole. Shule za serikali wasichana wananyolewa, wewe unajua, kwa hivyo soko langu ni akademia moja na kanisa. Ukipata kitambaa cha maua tuma. Msichana mmoja hapa, Amina binti wa mwalimu, ameniambia bendi za dukani zinamng'oa nywele lakini zetu hazivuti. Nimemwambia ni kazi ya dadangu.

Kuanzia wiki hii gunia likifika nampa Fancy, jirani yangu, apeleke sokoni lilivyo. Sina nafasi ya kufungua boksi moja moja na mtoto mgongoni. Kwa hivyo panga vizuri huko huko.

Nijibu hilo moja tu.

Dorcus


Mogogosiek
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Sicheki. Ila siwezi kutuma gauni.

Desturi ni desturi. Wewe unaweza kuona ni nguo tu, lakini mimi ndiye nitakayesimama mbele ya Shangazi Risper. Ukumbuke vile alivyomfanyia mke wa Ojwang kwa sababu ya koti moja la mvua. Mpaka leo yule mama akipita njiani watu wanashika nguo zao. Mimi sina mume wa kunitetea, sina kazi, na nyumba hii ni ya kupanga. Jina ndilo lililobaki, niachie hilo.

Kazi ni nyingi. Chelimo amepata nafasi kwenye kibanda cha binamu yake kule Merigi, siku za soko, kwa hivyo sasa nashona magunia mawili, lako na la Merigi. Juzi nililala juu ya cherehani, sindano ikiwa imesimama kidole kimoja kutoka kwa mkono wangu. Chelimo aliniamsha, akaniambia nikalale kitandani kama watu. Kwa hivyo ukiona boksi limechanganyika usinikasirikie, nimepanga nikisinzia. Mlichambue wenyewe.

Usiniulize tena habari ya gauni kwa barua. Tutaongea Desemba.

Amondi


Fort Ternan
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Amondi,

Leo ilikuwa siku ya watoto kanisani. Nilikaa benchi la tatu na Wilkister mapajani. Watoto wa Sunday School walipangwa mbele, wametupa mgongo, wakiimba huku wakimtazama mwalimu wao. Wasichana wanne wamefunga nywele kwa kitambaa cha zambarau chenye ndege weupe.

Nilijiambia kitambaa hicho si cha Mama peke yake, kiwanda hakikufuma gauni moja. Baada ya ibada nilimwita Amina. Nikamwomba nione bendi yake, nikaigeuza. Kulikuwa na kiraka, kidogo, mahali pa kwapa, kimeshonwa kwa uzi wa kahawia kwa sababu siku ile uzi mweupe ulikuwa umekwisha. Mimi ndiye niliyemshikia Mama taa alipokuwa akikishona. Nilikuwa darasa la saba.

Nilimwambia yule mtoto nitampa bendi mbili mpya, anirudishie hiyo. Akanitazama kama mtu anayedhulumiwa. Akasema hapana, tafadhali, hii ndiyo laini kuliko zote. Nikamrudishia. Ningefanya nini, nimvue mtoto wa watu kichwani mlangoni mwa kanisa?

Fancy anasema alikuta boksi moja la zambarau kwenye gunia lako na likaisha asubuhi moja. Nimemuuza mama yangu mwenyewe, bila kujua. Na wewe unaniandikia desturi ni desturi.

Mengine umeyafanyia nini? Nataka kujua yote. Usiniambie habari ya bega.

Dorcus


Mogogosiek
Jumatano, 6 Novemba 2024

Dorcus,

Barua yako nilipewa na Robert Alhamisi jioni na nimekaa nayo siku sita. Nitakuambia yote, halafu utaamua wewe mwenyewe mimi ni mtu wa aina gani.

Magauni yote nimeyakata. Yote saba. Nimeyashona bendi na nimeyatuma Merigi na Chelimo, kidogo kidogo, nikiyachanganya na mabaki ya mafundi. Huko hakuna mtu aliyemjua Mama. Lile boksi moja liliingia kwenye gunia lako kwa sababu nilikuwa nimechoka. Unaweza kusema ni Mungu. Mimi najua ni usingizi.

Lakini sikuyakata kwa ajili ya bendi. Nilianza kuyakata Mama akiwa hai.

Wewe ulikuwa ukija na sukari na mkate, unamkuta ameoga, ameketi amewekewa mito, unakaa saa mbili unarudi. Sisemi ilikuwa vibaya. Nasema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mwaka wa mwisho Mama alikuwa hawezi kukaa bila kushikwa. Kumvisha gauni ilikuwa kumwinua, kumshikilia kwa kifua changu, kupitisha kichwa, kuvuta mkono ule uliokauka, yeye akilia kimya kimya asinivunje moyo, halafu baada ya nusu saa gauni limelowa na tunaanza upya. Mara nne kwa siku, mara nyingine sita. Na huku nimetoka kushona.

Mwezi wa pili nilichukua mkasi nikalipasua lile la kijani mgongoni, kutoka shingoni mpaka chini, nikatia kamba mbili. Kuanzia hapo nilikuwa namwekea kwa mbele kama aproni, naingiza mikono, nimemaliza. Alipolala hakuna aliyejua. Nikapasua la pili, la tatu. Nililiacha la zambarau mpaka mwisho kwa sababu lilikuwa la kanisa.

Juni, Jumapili ya pili, alitaka kulivaa kwa sababu mchungaji alikuwa anakuja kumwombea. Nilijaribu kumvisha kama zamani. Nilimwinua mara tatu na mara tatu alishuka. Nikasimama pale nimeshika mkasi, sikuweza. Yeye ndiye aliyesema. Alisema:

"Kata tu. Nimechoka kuinuliwa."

Nikalikata. Mchungaji alikuja, akasema Mama amependeza. Jumanne akafa.

Sasa unaelewa nilichokuwa naogopa. Shangazi Risper husema nguo ya mtu aliye hai haikatwi mgongoni, eti ni kumshonea sanda akisikia. Nimemsikia akilisema hilo kwa masikio yangu, kwenye matanga ya Mzee Omollo, na watu wazima wakaitikia kwa vichwa. Angefungua mzigo akute magauni saba yote yamepasuliwa, na la mwisho limepasuliwa siku mbili kabla ya kifo. Ningesema nini? Ningesema nilikuwa nimechoka?

Kwa hivyo baada ya mazishi nilirudi hapa, nikakaa kitandani mwake na mkasi ule ule, nikamaliza kazi. Niliona afadhali waseme nimeiba nguo kuliko waseme nilimkatia mamangu njia ya kaburini. Halafu nikaona vipande ni vizuri, na lastiki ipo. Hapo sina sababu ya kukupa. Mikono ilikuwa imezoea.

Kuna siku ninaamini Shangazi ana haki. Nimelisema.

Amondi


Mogogosiek
Jumatano, 27 Novemba 2024

Dorcus,

Wiki tatu Robert anarudi mikono mitupu. Wiki iliyopita alirudisha gunia langu likiwa limefungwa vile vile. Alipoulizwa alisema mama mtoto hakusema kitu. Nimeelewa.

Sitakuja tarehe 14. Nimemtumia Shangazi ujumbe kwamba nina homa, na si uongo sana. Vitu vya Mama vilivyobaki Robert atavifikisha kwako, uende navyo: sweta mbili, leso, viatu vya mvua, aproni yake ya kiwandani, Biblia, sufuria tatu. Watakuuliza kuhusu magauni. Sema unalotaka. Ukiwaambia ukweli sitasema umenisaliti.

Ndani ya sweta ya kijivu kuna mikono miwili ya gauni la zambarau. Ilikuwa myembamba, haikufaa bendi, na nilipoishika ilikuwa bado imekunjika kwenye viwiko. Sikuitupa. Ni yako. Itoe kabla hujafika kwa watu.

Amondi


Fort Ternan
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Dada Amondi,

Nimerudi jana jioni. Nitakuambia mambo jinsi yalivyokwenda, kisha nitakuambia ninavyojisikia, usichanganye mawili hayo.

Walikuwa watu kama ishirini. Shangazi Risper alikaa kwenye kiti cha mikono, fimbo mapajani, akaniagiza nimwage mzigo kwenye mkeka. Aligawa sufuria. Aligawa sweta. Aproni ya kiwandani aliishika muda mrefu, akampa binti wa Ojwang. Kisha akaupapasa mkeka kwa fimbo yake, akauliza:

"Magauni iko wapi? Wilkister alizikwa na gauni moja mpya. Zingine Amondi amepeleka wapi?"

Nikamwona amekunja mdomo, anajiandaa kuita jina lako mara ya pili, na mke wa Ojwang ameshainua shingo kama aliyengoja zamu ya mtu mwingine kwa miaka mingi.

Nikasema ni mimi. Nikasema nilikutumia Robert mwezi wa tisa, nikakulazimisha unipe magauni yote kabla ya siku yake, na nimeshayakata nepi na nguo za mtoto. Nikasema umeugua kwa aibu ya kunificha.

Unaweza kufikiri yaliyofuata. Kwamba sikuzika lakini nimekuja kuvuna. Kwamba mtoto amevalishwa nguo za wizi kabla hajaota jino. Shangazi alinitoa kwenye mkeka, nikakaa nje na wapishi mpaka wamalize. Hata kijiko cha Mama sikupewa. Oketch alitaka kujibu, nikamkanyaga mguu.

Sasa ninavyojisikia. Sikufanya hivyo kwa sababu nimekusamehe. Bado. Nikiwaona wale wasichana kanisani natazama chini, na Jumapili ya kabla ya safari nilihama benchi. Nina hasira kwamba ulinidanganya miezi miwili ukiniandikia vumbi na namba moja. Ungeniambia. Mimi ni mtu wa kulia, ningelia, yangekwisha.

Lakini nilipomwona yule mzee anaita jina lako nilijiuliza mimi nimemwinua Mama mara ngapi. Nikahesabu. Hata mara moja, Amondi. Kila nilipokuja alikuwa ameshaketi. Nilikuwa nikidhani anaketi mwenyewe.

Basi waache waniite mwizi. Mimi naishi mbali, nina mume mwenye sauti, na mwizi wa nguo si jambo la kufa.

Ile mikono miwili niliitoa kabla, kama ulivyosema. Nimeishona chini, nimemvika Wilkister miguuni, inamfika mpaka mapajani na mwisho wake unamning'inia kama soksi za mpira. Anapiga mateke na ndege wote wanaruka. Harufu haipo, ni sabuni tu. Nililia kidogo kwa hilo.

Tuma gunia. Krismasi kila msichana ana nywele.

Dorcus


Mogogosiek
Jumatano, 15 Januari 2025

Mdogo wangu Dorcus,

Gunia la wiki hii ni dogo. Shule zimefunguliwa, wasichana wamepanga foleni kwa kinyozi hapa sokoni na wanatoka wakishika visogo. Cherehani imetulia mpaka Aprili. Nikaona niitumie nafasi hiyo kabla moyo haujabadilika. Jumamosi nilienda nyumbani, kwa Shangazi Risper.

Najua ulisema niwaache wakuite mwizi. Sikuweza. Tangu barua yako ya Desemba nimekuwa nikiamka asubuhi na kitu cha kwanza ninachokiona ni wewe umekaa na wapishi bila kijiko. Nimemwogopa yule mzee tangu nikiwa mtoto, lakini uoga nao huchoka, nimegundua.

Nilimkuta peke yake anapeta maharagwe. Nilikaa chini, nikamwambia moja kwa moja kwamba Dorcus hakuiba kitu. Nikamwambia habari ya mkasi, ya lile la kijani, ya Jumapili na mchungaji, na maneno aliyosema Mama. Nilisema vibaya, bila mpango, nikirudi nyuma. Yeye hakunikatiza. Alikuwa anaendelea kupeta, na maharagwe yalikuwa yameshatakata zamani.

Nilipomaliza aliutikisa ungo mara mbili, nikadhani ananitafutia laana ya kunitosha. Halafu akaniuliza nilipasua kufuata mshono au katikati ya kitambaa. Nikasema katikati. Akasema:

"Ungefuata mshono. Mimi shati za Omollo nilikata kwa mshono, hazikuchanika. Zote. Nikachoma hapo jikoni kabla mje matanga, nikawaambia mwizi ameanua kwa kamba."

Unamkumbuka Mzee Omollo, mume wake, jinsi alivyolala miaka minne upande mmoja hautikisiki? Na unakumbuka tuliambiwa mwizi, na vijana wakamkimbiza mtu mpaka barabarani? Na ni kwenye matanga hayo hayo, Dorcus, ndipo nilipomsikia akisema nguo ya mtu hai haikatwi. Nilimuuliza kwa nini alisema vile. Akasema watu walikuwa wameanza kuuliza sana.

Sikujua nicheke au nimtukane. Nililia. Yeye hakulia, alinipa ungo nishike akaenda kuchemsha chai.

Kuhusu wewe, amesema utakuja Pasaka na atakupa kuku kwa mkono wake, mbele ya watu, na hatasema ni wa nini. Lakini ukweli hatautangaza. Anasema mwizi wa nguo husahaulika msimu mmoja, na aliyemkatia mama yake nguo hasahauliki, kwa hivyo heri ubaki mwizi kidogo. Nilimwambia hilo si haki. Akasema hajawahi kusema ni haki. Ameniomba haya ya Omollo nisimwambie mtu. Wewe si mtu, ni dadangu.

Nilipoinuka kuondoka alinifuata mpaka kwenye ua, polepole, ameshika nyonga. Akaniuliza kama cherehani ya Chelimo inaweza kushona nguo ya mtu mzima. Anataka magauni mawili, wazi mgongoni kutoka juu mpaka chini, ya kufunga kwa riboni pembeni ili fundo lisimchome akilala. Anataka yawe tayari ndani ya sanduku, ili siku ikifika binti zake wayakute yameshonwa, asiwepo mtu wa kusimama juu yake na mkasi. Kitambaa alinipa hapo hapo, chekundu, alikuwa amekinunua tangu mwaka juzi na hakujua amwambie nani.

La kwanza nimelimaliza jana. Nililivaa juu ya nguo zangu, nikajilaza chali kitandani mwa Mama nione kama mikono inaingia bila kuvutwa. Inaingia. Nililala pale pale mpaka Chelimo alipokuja kuuliza kama nimekufa.

Kitambaa kilikuwa kirefu, kimebaki. Nimekata na langu, la kuweka sandukuni. Wewe nitumie vipimo vyako na Robert, mabega na urefu tu, hakuna haraka.

Dadako,
Amondi